Mpango wa Watu Wawili

Tufool binti Hamed alirudi chuoni Nizwa siku moja kabla ya masomo kuanza, akatandika vitanda viwili. Katika chumba kile cha dakhalia, bweni la wasichana, walikuwa wakilala yeye na Lamees, binti wa ami yake, tangu mwaka wa matayarisho, na desturi yao ilikuwa atakayetangulia kufika ndiye anayetandika. Akafungua dirisha kutoa vumbi la kiangazi, akaweka maji ya chai, akakaa kungoja. Alasiri simu ikalia. Ilikuwa mama yake, akipiga kutoka kazini Ibra.

"Tufool, Lamees hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

Mama akapunguza sauti, kama mtu aliyekanyaga mahali asipopatarajia. Kisha akasema kwamba Lamees amehamia chuo cha kwao Sur, anasomea biashara, atakuwa analala nyumbani. Mambo yalikwisha kabla ya Idi.

Tufool akasema kheri inshallah. Walipoagana alikitandua kitanda cha pili, akaikunja shuka vizuri, akaiweka kabatini.

Kuhama hakukumuuma sana, watu huhama. Kilichomchoma ni kiangazi. Baada ya Idi alikuwa amekwenda Sur kwa kina Lamees, na kwa siku nyingi walilala kifudifudi kwenye zulia, kiyoyozi kikivuma, wakipanga shahada yao. Shahada yenyewe haikuwa kama za wengine. Mwanafunzi wa uhandisi hukuta njia imekwisha kupigwa, mwaka hadi mwaka, na kundi la kwenda nalo. Hii ya sanaa ilikuwa ya kujipangia: unachagua somo moja la msingi na jingine la kuliunga mkono, na nafasi zinazobaki unazijaza upendavyo, lugha, falsafa, kuchora, hata ufinyanzi. Wao walikuwa wamepanga kila kitu sawasawa, wasiachane hata kipindi kimoja. Historia iwe msingi, Kiingereza kiunge mkono, kisha utalii, kisha upigaji picha. Lamees alicheka, akabishana, akalazimisha vipindi vya asubuhi viwe vichache kwa kuwa yeye hapendi kuamka. Na muda wote huo alikuwa anajua haji.

Tufool aliufuata mpango ule ule. Hakuwa na mwingine.

Ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Shahada ya kujipangia haina kundi. Katika historia alikaa na watu wa mwaka wa tatu waliokwisha kuzoeana, wenye vicheko vyao ambavyo yeye hakujua vilianzia wapi. Katika Kiingereza walikuwepo wasichana wa idara ya lugha, wamekaa safu moja, wamewekeana viti. Katika utalii zilikuwa sura nyingine kabisa. Mtu akimzoea kidogo darasa hili, hamwoni tena mpaka wiki ijayo. Wakimwuliza, "Wewe wa kundi gani?" hujibu kwamba hana, nao hutikisa kichwa kwa adabu, wakageukia simu zao.

Mchana alikuwa akienda mkahawani, anaona meza zimejaa, anageuza. Akazoea kula mkate wake katika chumba cha kusalia cha wanawake, kwenye kona ya viatu, kwa kuwa pale mtu akikaa peke yake hakuna anayemtazama. Lamees alimwandikia mara mbili tatu, samahani nyingi na picha za maua. Tufool alijibu kila mara kwamba hana neno.

Kabla ya mitihani ya katikati ya muhula, mshauri wake wa masomo akamwita. Alikuwa Ustadh Nabhan, mwalimu kijana mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na mazoea ya kupanga kalamu mezani wakati akifikiri.

"Mpango wako nimeupitia," alimwambia. "Hauna kosa. Lakini kila mwanafunzi lazima anieleze mwenyewe kwa nini kachagua alichochagua. Tuanze na utalii. Kwa nini utalii?"

Tufool akafungua kompyuta yake, akaanza kuutafuta mpango.

"Haya, upigaji picha."

"Huo anaupenda Lamees."

"Lamees ni nani?"

"Bint ami yangu. Tulipanga pamoja."

"Yupo hapa chuoni?"

"Hayupo, Ustadh."

Nabhan akaisogeza kalamu moja, akairudisha. "Hapa kuna masomo saba," alisema. "Nionyeshe lako."

Tufool akatazama orodha kwenye kompyuta yake, juu hadi chini. Kulikuwa na jiografia, iliyoingia kwa bahati tu, kwa kuwa darasa alilolitaka Lamees lilikuwa limejaa na nafasi ilikuwa lazima izibwe. Akaionyesha kwa kidole, bila kuwa na uhakika.

"Kwa nini?"

"Sijui. Pale saa hainisumbui."

Mwalimu hakucheka. Alimwambia achukue wiki ya mapumziko aufikirie upya, na akiona hawezi, zipo shahada zenye njia iliyokwisha kupangwa, hakuna aibu kuhamia huko. Alilisema hilo kwa wema, na ule wema ukamfanya Tufool atoke haraka.

Baba yake, Hamed, alikuja kumchukua. Njiani, Bidbid, pale inapokatia barabara ya Ibra na Sur, walisimama kula mishkaki garini na kunywa karaki, chai ya maziwa na viungo. Baba akapangusa vidole akasema, akitazama mbele:

"Ibra pia vyuo vipo. Ungelala kwako. Mama yako zamu zake unazijua, na bibi yako anashinda peke yake."

"Nitafikiri, Baba."

"Sikulazimishi."

"Najua."

Na kweli aliwaza. Kutoka Bidbid mpaka nyumbani hakuwaza kingine. Aliona kitanda chake, chakula cha moto, na mtu wa kumwuliza umechelewa wapi.

Bibi Ghanima, mama yake Hamed, alikuwa amekaa barazani na kanga begani. Alitoka Unguja akiwa mke wa mtu tayari, na Kiswahili chake kilibaki kile kile cha mjini cha zamani. Shoga zake wa kukisema nao wengi wamekwisha kufa, waliobaki wako Maskati, na simu haisikii vizuri. Wajukuu walimjibu kwa Kiarabu. Tufool peke yake ndiye aliyejaribu, kwa kuokoteza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Hapana konda. Chakula iko."

"Chakula kipo."

"Kipo, Bibi."

"Na Lamees hajambo? Mnalala pamoja bado?"

Tufool akatafuta maneno. "Lamees amekwenda Sur. Skuli ya huko. Mimi nimebaki mimi moja."

"Mimi moja ndiyo nini? Sema, nimebaki peke yangu."

"Nimebaki peke yangu," akasema Tufool.

Alikuwa hajapata kulitamka, si kwa Kiarabu wala kwa lugha nyingine. Kwa mama yake alisema kheri, kwa Lamees alisema hana neno, kwa baba alisema atafikiri. Sasa neno limetoka kwa sababu amesahihishwa, na likaja na machozi ambayo hakuyategemea. Bibi akamkodolea macho.

"Unalia nini? Nakusahihisha tu. Baba yako nilikuwa namsahihisha vilevile, naye hakulia." Akamvuta, akampangusa uso kwa pindo la kanga, pasipo upole mwingi. "Kale wali ungali moto."

Tufool alitamani kumweleza yote, habari ya mpango, ya zulia la Sur, ya kona ya viatu. Lakini Kiswahili chake hakikufika huko, na Kiarabu cha bibi nacho hakikufika. Wakakaa wawili barazani, kila mmoja na yake.

Asubuhi alikumbuka kazi ya jiografia. Mwalimu wao, mwanamama mmoja mwenye miwani mikubwa, alikuwa amewaambia kila mtu achore njia ya maji ya mahali anapopajua. Tufool akamwomba baba yake ampeleke Al Qabil, kwenye shamba la mitende la mjomba wake. Baba akamwacha pale na chupa ya maji na kofia ya jua.

Akaifuata falaji, ule mfereji wa zamani unaogawa maji mitendeni, kutoka pale unapochomoza ardhini. Aliandama maji yanapogawanyika, akapima kwa kitambaa chake cha kichwani, akachora, akafuta, akarudi nyuma kuhakikisha. Aliona kwamba mfereji ulikuwa umekunjwa makusudi kulikwepa jabali, na kwamba mashamba ya juu yalikuwa na kingo nene kuliko ya chini. Hakuna aliyemsemesha isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akikata majani, naye alisalimu tu akapita. Baba aliporudi alimkuta amekaa juu ya ukuta, miguu imelowa, anachora bado.

"Sijakawia sana?" akauliza baba.

"Umewahi," alisema Tufool, na alikuwa na maana hiyo hasa.

Mwisho wa wiki familia ilikwenda Sur kwa akika, karamu ya kumkaribisha mtoto mchanga wa kaka yake Lamees. Nyumba ilijaa wanawake na masinia. Lamees akamwona mlangoni, akasita, kisha akamshika mkono wakapanda darini, kwenye matangi ya maji, ambako walikuwa wakijificha tangu wadogo.

"Umenikasirikia," alisema Lamees.

"Kidogo."

"Nilitaka kukwambia kila siku. Wallahi, kila siku nikiamka nasema leo. Halafu nakuona umefurahi na mpango wako, nasema kesho."

"Mpango wetu."

Lamees akainamisha kichwa. Alieleza kwamba ule mwaka wa matayarisho alikuwa akilia bafuni, bomba likiwa wazi asisikike. Nizwa ilimkaba. Alitaka kwao, alitaka mama yake, na aliona aibu kwa sababu Tufool alionekana hana shida na lolote.

"Bafuni?" akauliza Tufool. Walilala chumba kimoja mwaka mzima, naye hakusikia kitu.

"Bafuni."

Chini watu walikuwa wakiitana. Harufu ya ubani ikapanda mpaka darini. Tufool akauliza, "Niambie basi. Utalii ulikuwa wa nini? Ustadh kaniuliza, sikuwa na jibu."

"Mimi nitajuaje? Si wako huo?"

"Wangu? Mimi niliuweka kwa ajili yako."

"Tufool, mimi siupendi hata kuusikia. Nilikubali nikidhani wewe unautaka."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka Lamees akashika ukuta. Kicheko kilipokwisha kilikwisha kweli. Kila mmoja aliona kwamba ule mpango wa siku nyingi, uliowalaza kwenye zulia, kwa sehemu kubwa haukuwa wa mtu yeyote. Lamees akasema bado wao ni ndugu. Tufool akasema ndiyo, hilo halina mjadala. Waliposhuka, Lamees alivutwa na wenzake wapya wa chuo waliokuja kuhudhuria, na Tufool akaenda kusaidia masinia.

Aliporudi Nizwa aliupanga mpango upya, safari hii kwenye meza, taa imewashwa juu yake na mlango umefungwa. Jiografia ikawa msingi, kuchora kukaunga mkono. Historia aliibakiza kiasi kile kinachohusu makazi na maji. Akaongeza falsafa, kwa kuwa hajui falsafa ni nini na anataka kujua. Utalii akaufuta. Mchana wa siku iliyofuata alimpelekea Ustadh Nabhan, na kila alipoulizwa kwa nini, alijibu. Mengine kwa kigugumizi, lakini alijibu.

Mwalimu akapanga kalamu zake. "Nikwambie ukweli," alisema. "Mchanganyiko huu hapa chuoni huna mwenzako. Kuchora utakaa na watu wa usanifu, na mihula ya mwisho kuna masomo utakuwa wewe na mwalimu tu. Miaka yote itakuwa hivyo. Utaweza?"

"Sijui, Ustadh."

"Ukirudi kwenu hakuna atakayekulaumu."

"Baba alinishauri hivyo." Akatafuta namna ya kulisema. "Kule pia nitakuwa peke yangu hivi hivi. Afadhali niwe hivi na kitu ninachokitaka."

Nabhan akaidhinisha.

Nyumbani aliwaambia kwa simu. Baba akasema Mungu akuwafikishe. Bibi aliuliza jiografia ndiyo kazi gani. Tufool akajibu, "Kuchora ardhi," na Bibi akasema ardhi ipo, ya kuchorwa nini tena, kisha akamwuliza kama amekula.

Muhula uliofuata darasa la jiografia lilipelekwa kwa basi kwenye kijiji kimoja nje ya Nizwa, kuona falaji yake. Wanafunzi walikuwa wachache na wengi walikuja wawili wawili. Tufool alikaa dirishani, begi lake kwenye kiti cha pembeni. Walipofika, wengine walipiga picha, wakala biskuti kivulini, wakamaliza mapema. Yeye alishuka mpaka kwenye mgawanyo wa mwisho, mahali ambapo maji huwa membamba kama kamba, akapiga magoti. Mwalimu wa miwani mikubwa akaja kusimama nyuma yake, akatazama karatasi kwa muda, akasema, "Endelea, nitawaambia wakungoje," akaenda zake.

Sauti za wenzake zikapanda kuelekea basini. Hakuna aliyegeuka kumwita. Tufool alisikia wakicheka, akasikia mlango wa basi ukifunguliwa, na akatamani, kama siku zote saa kama hizo, mmoja wao amwite. Akainoa ncha ya penseli kwenye jiwe, akarudi kwenye mstari wa maji.