Chupa ya Bordo

Eliufoo aliifuta chupa kwa kitambaa cheupe, akaishika kwenye kitako kama alivyofundishwa, akasubiri wageni wanyamaze. Miaka saba alikuwa akiingoja siku hii. Mzungu wa shamba la katani kule bondeni ndiye aliyempa, mwaka mashamba yalipotaifishwa, kuwa shukrani ya miaka kumi na tisa ya kumhudumia mezani.

"Usiwe na haraka nayo," alimwambia. "Divai nyekundu ya Bordo ikiwa changa hukwaruza ulimi. Ilaze gizani, penye baridi. Ikishatulia, thamani yake ni ng'ombe mzima."

Eliufoo aliyapandisha maneno hayo mpaka Mhezi, kijijini kwake mlimani, akayarudia hadi watu wakachoka. Alijua kuwa zabibu za Bordo, kule Ufaransa, huota kwenye kokoto, na kuwa mwaka wa mvua nyingi divai hukosa nguvu. Wanakijiji walimsikiliza, na alipowapa kisogo wakamwita boi. Jina hilo lilimuuma. Leo, mbele ya watu waliokuja kumposa binti yake Dorkas, alitaka life.

"Mkwe, na sisi leo tunyonye vya mabepari?" alitania mzee Tumainieli, baba wa kijana. Watu wakacheka. Kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa waliyokuja nayo, kilikuwa katikati yao.

Kizibo kilitoka vipandevipande. Rahabu, mkewe, akamsogelea na kumnong'oneza kwa furaha.

"Baba Dorkas, nilikusaidia. Ulikoiweka baridi tupu, ingeivaje? Kila masika nilikuwa naileta jikoni, naisimamisha karibu na mafiga pamoja na vibuyu vya dengelua."

Gizani, penye baridi, ndivyo Mzungu alivyomwagiza Eliufoo. Akainusa chupa. Chumba kizima kilinuka moshi na miwa, na pua yake ya uzee haikumpa hakika yoyote. Hakuwa na la kumkemea mkewe. Mwanamke wa watu ameitunza divai kama alivyomwona mama yake akitunza pombe.

Kwa desturi, mwenye kinywaji huonja kwanza, wageni wakimtazama. Akamimina, akanywa. Ilikuwa kali na chungu, ikamkausha kinywa mpaka kooni.

"Vipi, mkwe?" aliuliza Tumainieli, safari hii bila utani. "Ndivyo ilivyo, au imeharibika?"

Eliufoo aliiweka chupa chini. Miaka kumi na tisa alimimina, akaondoa glasi, akaziosha. Divai iliyobaki kwenye chupa ilifungiwa kabatini, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa bwana. Yote aliyowasimulia watu wa Mhezi aliyaokota akiwa amesimama nyuma ya viti vya bwana na wageni wake wakila. Uchungu ulimjaa moyoni, na haukumlenga Rahabu.

"Sijui, mkwe," alisema. "Sikuwahi kuonja."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Tumainieli alichota dengelua kwa kata, akaonja kwanza kama ipasavyo, kisha akamnyooshea kwa mikono miwili. Eliufoo akapokea, akanywa. Hii aliijua.

"Sasa keti, mkwe," alisema Tumainieli kwa upole. "Mbona umesimama?"

Ndipo Eliufoo alipojiona: wima mbele ya wageni nyumbani kwake mwenyewe, kitambaa begani, mkono wa kushoto ameukunja mgongoni.