Mji Siutaki

Ukuta wa chumba changu ulikuwa umenipita kichwa, nami si mrefu, nilipoona kwamba upande wa ndani haukuachiwa pengo la mlango.

Nyumba ilikuwa ya mwanangu. Chumba cha kona, alisema, ni cha mama. Siku hiyo niliwapelekea mafundi chai, nikazunguka na birika langu nikitazama. Mlango wa kutokea nje upo, mzuri tu. Upande wa sebuleni, tofali juu ya tofali. Kumbe nikitaka kuwaona wajukuu nitoke nje, nizunguke nyumba, nibishe hodi kama muuza mayai!

"Fundi, huku hamna njia?"

"Mama, mimi nafuata ramani. Kesho tunamwaga zege la linta juu ya kuta hizi. Likishakauka, kutoboa hapo ni vita."

Mwanangu akafika, suruali imejaa vumbi, uso umejaa furaha. Nimwambieje? Mtu kajenga kwa jasho lake, wewe wa kukaribishwa ndiwe wa kwanza kukosoa? Nikaona bora nizungukie.

"Kitendawili!"

Akacheka. "Hapa hapa kwenye saruji, mama? Haya, tega."

"Nyumbani mwangu nimo, na kila siku napiga hodi."

"Konokono!" fundi akadakia.

"Konokono ampigie hodi nani, wewe? Kunywa chai yako."

Mwanangu akakuna kichwa. "Mpangaji?"

Neno hilo likanichoma. "Umekaribia. Siyo."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji, chagua wowote."

"Mji siutaki. Nipe mlango."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. Kicheko kikamtoka usoni.

"Lakini mama, si wewe uliyesema? Siku ile watoto walipokuamsha na mpira wao. 'Laiti ningekuwa na mlango wangu mwenyewe!' Ndiyo nikamwambia mchora ramani."

Kweli nilisema. Hasira ya mchana mmoja, mwenzangu kaijengea ukuta.

"Nilitaka mlango wa kufunga, baba. Sikutaka wa kunihamisha."

Alimpokonya fundi nyundo, akaling'oa tofali la kwanza yeye mwenyewe.

"Linta itangoja," fundi akasema. "Upana gani, mama?"

"Wa mtoto anayekimbia bila kutazama mbele."

"Na huu wa nje, tuuzibe?"

"Uache! Wakizidi kelele, nitajua pa kutokea."