Kibaraza cha Dobi

Shangazi Elvie Carrigan aliusoma ubao mara mbili, kisha akatafuta pa kutema mate. Hapakuwa na pa kutema. Ukumbi wa mapokezi wa Hospitali ya Mkoa ya Wirrumba ulikuwa umepigwa deki mpaka unajiona uso sakafuni, na mezani keki za nazi zilijipanga kama askari gwarideni.

"Miaka mia moja," ubao ulijisifu. "Tangu 1924 tumewahudumia wote, kwa upendo uleule." Juu ya maneno hayo ilibandikwa picha ya Sista Mkuu wa kwanza, kofia nyeupe, kidevu juu. Chini ziliorodheshwa huduma: dharura, mashine ya figo, daktari wa macho anayekuja mara moja kwa mwezi, daktari wa moyo anayeonekana kwenye skrini.

"Bibi, uzazi hawajauandika," alisema mjukuu wake Kirralee, mwenye mimba ya miezi minane.

"Watauandikaje na wodi wameifunga? Wewe ni wa kwenda kujifungulia Dalgerry, kilomita mia mbili. Uchungu ukikubana njiani, mkunga wako ni kangaruu."

Kirralee alicheka. Elvie hakucheka.

Wiki tatu nyuma alikuwa amempelekea mkurugenzi, Graeme Tolhurst, sentensi moja ya kuongezwa ubaoni: Mpaka 1962 wanawake weusi walizalishwa nje, kwenye kibaraza cha dobi. Tolhurst aliitia karatasi mfukoni na kusema, "Bila shaka, Shangazi." Siku hizi wazungu wote wa mji walimwita Shangazi, jina ambalo watu wake huwapa wazee wa heshima, kwa ulimi laini unaoteleza kama siagi.

Mama yake, Ruby, alifua mashuka ya hospitali ile miaka sita. Siku uchungu ulipomkuta kwenye karo, hawakumtandikia hata shuka moja kati ya yale aliyoyaanika kwa mikono yake. Walimlaza kibarazani juu ya gunia la manyoya ya kondoo, nzi wakimtua machoni, na Sista Mkuu wa siku hizo akatoa amri kutoka mlangoni, leso puani. Ndivyo Elvie alivyozaliwa. Cheti chake kinasema "Hospitali ya Wirrumba", utadhani palikuwa na kitanda.

"Shangazi! Umependeza kweli." Tolhurst alikuja ananukia marashi, chembe ya nazi imemnasa menoni. "Waziri amefika. Utasimama pale kwenye maua, utukaribishe. Dakika mbili tatu tu. Kitu cha kugusa moyo."

"Sentensi yangu iko wapi?"

"Ah, ile. Kamati iliona kwamba leo ni siku ya furaha. Watu hawapendi…"

"Hawapendi nini? Harufu?"

"Tutalizungumza wiki ijayo, Shangazi."

Elvie aliitazama ile chembe ya nazi ikicheza menoni.

"Haya. Ila kwetu mtu hakaribishi wageni popote palipowekwa maua. Mimi nitawakaribisha pale ardhi iliponipokea. Mwambie waziri wako anifuate."

Tolhurst angefanya nini? Sherehe haifunguliwi kabla wenye ardhi wa asili, watu weusi wa kina Elvie, hawajawakaribisha wageni. Ratiba yenyewe ilianza na jina la Elvie. Wakamfuata basi, msururu wa tai na viatu vya visigino, wakapita jikoni, wakatokea mlango wa nyuma.

Kibaraza kilikuwepo bado. Sasa kilikuwa mahali pa kuweka mapipa ya taka: bandeji zilizolowa, mifuko ya damu, mabaki ya chakula cha wagonjwa, vyote vikichemka juani. Mwanamke mmoja aligeuka akatapika. Waziri alitoa leso akaziba pua, na Elvie akaitazama leso ile kwa muda mrefu.

"Nilizaliwa hapo," alisema, akionyesha pipa la tatu. "Ubao wenu unasema wote. Msomeeni waziri sentensi yangu, kisha nitawakaribisha."

Tolhurst alimsogelea, akanong'ona, "Nimepata ufumbuzi. Tutaweka kibao kizuri cha shaba hapahapa, chenye jina la mama yako."

"Hapa? Asome nani, mzoa taka?"

"Lakini si ndipo penyewe, Shangazi?"

"Mlimweka nyuma akiwa hai. Sasa hata jina lake mnataka likae na mapipa."

Alikanyaga kikanyagio cha pipa, mfuniko ukafunguka, akatema mate ndani, mfuniko ukajifunga kwa kishindo.

"Makaribisho hakuna. Kaleni keki zenu."

Akamshika Kirralee mkono wakarudi ndani. Nyuma yao waziri alisikika akiuliza kupitia leso, "Sasa tumefungua au hatujafungua?"

Ukumbini hapakuwa na mtu. Elvie alisimama mbele ya ubao. Kirralee akaichomoa kalamu nene nyeusi iliyowekwa kando ya kitabu cha wageni, akampa.

Ubao ulijaa, isipokuwa kofia ya Sista Mkuu. Ilikuwa pana, nyeupe pe. Elvie akaianzia hapo sentensi yake, akashuka usoni mpaka kidevuni, polepole, kwa herufi za shule ya misheni, mpaka neno la mwisho.