Bunduki Iliyokataa Mafuta

Jumanne saa tatu asubuhi, mtunza ghala la silaha la kituo cha polisi alizipanga bunduki ishirini mezani, akakunja mikono ya shati, akaanza kuzipaka mafuta. Mafuta mepesi ndani ya mtutu, grisi kidogo pale chuma kinapoteleza juu ya chuma, kisha kitambaa kikavu. Kidogo tu. Bunduki si kichwa cha mtoto wa chekechea; ukiimwagia, inabeba vumbi la dunia nzima.

Kumi na tisa zilipokea. Namba kumi na saba ilikataa. Mafuta yaliingia mafuta, yakatoka maji ya chumvi. Aliyaonja kuhakikisha. Kufikia mchana ilikuwa na kutu, naye akajaza fomu: "Inalia. Ibadilishiwe mafuta."

Alijaribu grisi ya malori, mafuta ya injini, hata ya nywele zake mwenyewe. Wapi! Ilikaa na kutu yake kama mgonjwa aliyesusa chakula.

Mama Ghala, ndivyo askari walivyomwita, hakutulia. Alikaa, akasimama, akafungua daftari, akalifunga. Humo, kwa saini yake, iliandikwa kwamba siku ya maandamano namba kumi na saba haikutoka ghalani. Ilitoka. Ilirudi ina moto, na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma hakurudi kabisa. Mkuu wa kituo ndiye aliyeomba iandikwe hivyo. Aliomba kwa upole, mlango umefungwa.

Alhamisi alikuja mjane wa fundi, kama kila Alhamisi.

"Uchunguzi unaendelea, mama," mkuu alimwambia dirishani.

"Mwezi wa sita huu unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mkuu alipoondoka, Mama Ghala akasogea. "Dada, una mafuta gani nyumbani?"

Mjane akatoa mkobani kichupa cha mafuta ya cherehani. "Alikuwa nacho mfukoni siku ile. Ndicho pekee mlichonirudishia. Shati mmebaki nalo, mnaliita kielelezo."

"Niazime. Kuna kitu kimekataa mafuta yote."

Mjane alimtazama mpaka Mama Ghala akaangalia viatu vyake.

"Matone mawili," alisema, akampa. "La tatu linachafua kitambaa."

Kwa matone mawili kutu ilipukutika. Bolti yake, kile chuma kinachoteleza nyuma ya mtutu, ikaanza kwenda na kurudi yenyewe, tak-tak-tak, na namba kumi na saba ikashona. Koplo mnene alileta suruali iliyopasuka pabaya. Ikarudi na mshono ulionyooka kuliko tabia yake. Kufikia Jumatatu kulikuwa na foleni.

Mkuu alikuja kusikiliza. "Inashona?"

"Inashona, afande."

"Na tundu, inaziba?"

Mama Ghala alikaa, akasimama.

"Inaziba, afande."

Mkuu akaleta shati kutoka sanduku la vielelezo. Lilikuwa na tundu moja, kifuani, upande wa kushoto. Namba kumi na saba ilianza polepole, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani, kisha ikashona mpaka tundu likafumba, uzi usionekane.

Mahakamani, kwenye kesi ya kifo cha fundi, hakimu aliligeuza shati, akaliinua kwenye mwanga.

"Tundu liko wapi?"

Halikuwepo. Daftari nalo lilisomwa, pamoja na saini. Kesi ikafutwa kabla ya chai. Mjane aliomba kulishika shati. Alipapasa upande wa kushoto kwa kidole.

"Huu ni mkono wa mume wangu," alisema.

Karani hakuliandika hilo. Halikuhusu tundu.

Siku hizi shati analo mjane, na Alhamisi bado anakuja dirishani.

"Imekunywa mafuta?"

"Imekunywa, dada."

"Mangapi?"

"Mawili."

Hamuulizi lingine. Akiondoka, Mama Ghala hufungua daftari, huchukua kalamu, hukaa, husimama. Nyuma yake foleni ya suruali imefika mlangoni. Anaiweka kalamu chini ili apate mikono miwili ya kupokelea nguo, na daftarini namba kumi na saba bado haijatoka ghalani.