Ulimi Wangu na Kikombe cha Deusimar

Nilikuwa sikaliki. Nikikaa kwenye kiti cha korido ya hospitali, miguu inanyanyuka yenyewe. Ndani, mdogo wangu Deusimar alikuwa ameshakunywa, na mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: kapewa yenyewe au ya bandia?

Ndivyo utafiti wao ulivyo. Wagonjwa wa sonona, nusu wanapewa ayahuaska, ile chai chungu ya mimea ya msituni inayoleta maono, nusu maji machungu ya kudanganyia, na hata daktari hajui nani kapata nini. Vidonge vyote vilishashindwa kumponya Deusimar. Juzijuzi tulimkuta na kamba. Halafu watu wananichezea bahati nasibu!

Muuguzi Lindalva akatoka na trei yenye kikombe kimoja, matone yamebaki chini. "Mama, tulia, utatoboa sakafu."

"Nitatuliaje? Kikombe chake ndicho hicho?"

"Hicho hakikuhusu." Akaitwa ndani, akaiacha trei dirishani.

Sikufikiri mara mbili. Nikatia kidole kikombeni, nikalamba. Mimi nililelewa na mama kule Acre, msituni, na kanisani kwetu chai hiyo tunainywa tangu utotoni. Deusimar alibaki huku Natal na baba, hajawahi kuionja. Kikombe kile kilikuwa hamira na ndimu tu: ya bandia.

Hasira zikanipanda. Nikashika kitasa niingie niwape vidonge vyao. Hapo nikasikia kilio. Deusimar alikuwa analia, anamwita mama, ambaye hata siku ya mazishi yake hakumtolea chozi. Nikaachia kitasa.

Jioni alitoka macho yamevimba, anaulizia tapioka na jibini.

"Dada, na kiherehere chako hicho, najua umeonja."

"Nani, mimi?"

"Mwingine nani? Haya sema, ilikuwa yenyewe, siyo?"

Daktari Elenice, nyuma yake, alinikazia macho nisijibu.

"Yenyewe," nikasema. "Kali kuliko ya kwetu."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo, nikataka kulia.

"Utafiti ukiisha," daktari akamwambia, akiniangalia mimi, "kila mmoja ataambiwa rasmi alikunywa nini."

"Mniandikie kabisa kwenye karatasi, daktari, nikawatambie kazini!"

Tangu hapo anakula, anaimba bafuni, amerudi kiwandani. Siku hiyo anaingoja kama sikukuu. Mimi simu ikilia tu, roho inaniruka.