Mzunguko wa Tarishi

Tarishi alistaafu kupeleka barua, ila miguu yake haikuwa na habari. Kila kukicha alipanda baiskeli akaenda zake, na siku hizi kurudi kwake kukawa kwa kuletwa: mara na muuza maziwa, mara na askari. Mwishowe binti yake aliyekuwa akimtunza akaitia baiskeli kufuli nyuma ya mlango wa jikoni. Mzee akagoma kula.

"Niacheni nikizunguke kinamasi mara moja tu," alisema. "Mzunguko mzima, kama nilivyokuwa nikizunguka na barua. Nikishindwa, iuzeni. Nikiweza, kufuli lenu mkafungie kuku."

"Atakufuata nani?"

"Baba yako mdogo. Au baiskeli za watu anazitengeneza tu, kuendesha hajui?"

Baba mdogo ni Fundi, mdogo wake Tarishi. Asubuhi ya safari binti alimvuta kando, mlangoni. "Baba mdogo, usije ukanificha. Utakachokiona uniambie kilivyo. Mimi ndiye ninayelala sikio wazi humu ndani."

Fundi akaitikia. Lakini moyo wake ulikuwa upande wa kaka.

Mzunguko ule si wa kitoto. Unatoka na upepo usoni, unashika tuta linaloizuia bahari, njia nyembamba kama mkanda, kushoto matope ya kijivu, kulia nyasi za maji chumvi mpaka macho yachoke. Hakuna mti wala ukuta wa kujikinga. Chumvi inaingia machoni, inaingia kwenye cheni. Tarishi alikwenda mbele, mgongo umenyooka, mfuko wake wa zamani wa turubai umefungwa kwenye karia, mtupu. Fundi nyuma, ulimi nje.

"Unahema kama mvukuto, mdogo wangu."

"Ni baiskeli hii, kaka. Nzito."

"Fundi analaumu baiskeli. Haya, na mpishi alaumu sufuria."

Akampita? Hata. Juu ya tuta mdogo hampiti mkubwa. Ndivyo baba yao alivyowakuza, kwa sababu wa kupitwa ndiye anayesukumwa matopeni. Mvi zimewaota wote wawili na sheria ikabaki palepale. Na siku ile Fundi aliifurahia. Kaka alijua kila kona. Alijua nyumba ipi ina mbwa mkali, akashuka kabla mbwa hajabweka. Tairi lilipopasuliwa na gamba la chaza, yeye ndiye aliyesikia kwanza. Fundi akabandika kiraka huku akicheka peke yake, akiona kufuli limeshakwenda kwa kuku.

Jua lilipopinda wakafika njia panda. Ya juu inakwenda kwenye daraja la malori, inavuka mto, inarudi mjini. Ya chini ilikuwa ikienda kwenye daraja la mbao, na daraja lile lilibebwa na mafuriko watoto wa Fundi wangali wananyonya. Tarishi akakata ya chini bila hata kugusa breki.

"Kaka, njia ni ya juu."

"Leo unanifundisha njia, wewe?"

Hapo Fundi angeweza kukanyaga, akampita, akamkingia baiskeli mbele. Hakupita. Alijiambia: ataona mwenyewe nguzo zimesimama peke yake, atageuka, mimi nitajitia hamnazo, na nyumbani hapatakuwa na la kusema. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Hayakuja kwa mawimbi. Yalipanda kimya kwenye vijito, nyuma yao na mbele yao.

Tarishi aliziona nguzo. Hakugeuka. Aliteremka akiisukuma baiskeli, akaingia kwenye tope kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Lilipomfika magotini akasimama.

"Wameling'oa lini? Jana nimepita hapa."

"Rudi, kaka. Maji hayo."

"Nitarudije na watu wanangoja?" Akawa anaufungua ule mfuko, anapapasa ndani. "Barua zinalowa. Njoo ushike, usinisimamie tu."

Fundi akaingia. Tope lilimvua kiatu. Akamkamata kaka kiunoni, kaka akamsukuma kwa kiwiko, nguvu alizokuwa nazo si za mzee. Maji yakafika mapajani, ya baridi. Wakavutana vile, mtu na ndugu yake, mpaka Fundi akachoka kuvuta.

"Barua ninazo mimi," akasema. "Nimezitoa zote. Hizi hapa kifuani, kavu."

Tarishi akamtazama. "Zote?"

"Zote."

Basi akakubali kushikwa mkono. Baiskeli waliiacha, nao wakarudi kwa miguu wakipita palipobaki pakavu, hadi dereva wa lori la kokoto akawahurumia.

Ndani ya lori Tarishi alirudiwa na akili, na pamoja nayo ulimi. Alipoingia nyumbani amejaa tope hadi mkanda, sauti ilikuwa ileile ya asubuhi.

"Tumezunguka. Cheni ilikatika mwishoni tu. Muulize baba yako mdogo."

Binti hakumtazama baba yake. Alimtazama Fundi, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila. Kaka naye alimtazama, anatabasamu, anangoja.

"Hatukuzunguka," Fundi alisema. "Aliingia majini, mwanangu. Alikuwa anatafuta barua."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni bila mwenyewe. Kisha Tarishi akaketi kwenye kigoda, akainamia kamba za viatu. Tope lilikuwa limezikaza. Binti akapiga magoti amsaidie, akauvuta mguu.

"Niache. Nafungua mwenyewe."

Wakasimama wakimtazama. Vidole vilikwenda, vikarudi, vikakosa fundo. Hakuna aliyewasha taa.