Suti Iliyongoja Ijumaa

Kwa miaka arobaini na moja Babu Fundi alikuwa na jibu moja kwa kila mteja: "Njoo Ijumaa." Ijumaa ikifika, nguo iko nusu, mikono huku na kola kule, naye anakwambia kwa macho makavu kwamba alimaanisha Ijumaa ijayo. Wanawe walipomuuliza atapumzika lini, nao aliwajibu hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba hakuwa na akiba. Chote alichopata kilimezwa na karo. Alibaki na chumba cha duka, cherehani na macho, na macho yenyewe yameanza kumsaliti: juzi alimshonea mwalimu mkuu suruali, mifuko yote akaiziba kwa uzi. Kupumzika alikutaka sana. Lakini kuwanyooshea wanawe mkono kila mwisho wa mwezi? Afadhali ajidunge sindano.

Aliyemtibua nyongo zaidi ni mjukuu wake wa kike, aliyehamia kwake na kompyuta, akidai yuko kazini huku amejilaza. Babu akambandika jina: Malkia wa Godoro.

"Kazi gani hiyo haitoi jasho?"

"Inatoa mshahara, babu."

"Yangu inaniuma mgongo. Ndiyo maana najua ni kazi."

Siku moja Malkia akafungua kabati kubwa la dukani. Mlikuwa na nguo tisini na tatu, zimeshonwa zikaisha, wenyewe wametokomea. Mlangoni palikuwa na kibao cha Babu: NGUO ISIYOCHUKULIWA MIEZI MITATU ITAUZWA. Hajawahi kuuza hata leso.

"Za watu hizo!" Babu akafoka. "Usiguse!"

Hakuzigusa. Alipiga picha tu vikaratasi vilivyobanwa kwenye kila nguo, vyenye namba ya simu na pesa iliyobaki, akarudi godoroni. Siku nne nzima akawa anaongea na kucheka kwenye simu, na Babu akatikisa kichwa mpaka shingo ikamuuma.

Siku ya tano watu wakaanza kumiminika. Mmoja alifuata suti ya harusi. Ndoa ilishavunjika kitambo, lakini alilipa. Mama mmoja alichukua gauni la bintiye, akasema sasa litamfaa mjukuu. Baada ya wiki moja kabati lilikuwa karibu tupu.

"Hizi ni za kuanzia, babu," Malkia akasema, akimkabidhi bahasha. "Na yule fundi uliyemfunza kazi anataka kukipanga chumba hiki. Kodi itaingia kila mwezi. Ni jasho lako mwenyewe, hujamwomba mtu."

Babu alifurahi, akaogopa, na hakutaka kuonyesha lolote. "Tutaona," akanung'unika, akainamia cherehani. Uzi ukakataa kuingia sindanoni mara tano.

Simu yake ikalia.

"Shikamoo, mzee. Napiga kutoka duka la ushonaji. Una suti yako ya kijivu hapa, mwaka wa kumi na mbili huu."

Babu akageuka. Malkia alikuwa amesimama kando ya kabati, simu sikioni, kikaratasi mkononi. Suti ile! Alijishonea mwenyewe, aivae siku atakayofunga kazi, akaibania kikaratasi chenye namba yake kama ya mteja yeyote, kisha akaisahau.

"Unakuja kuichukua lini?"

"Ijumaa," ulimi ukamjibia kwa mazoea.

"Leo ni Ijumaa, babu."

Babu akatafuta kisingizio, akakikosa. Akaweka uzi chini, akasimama, akanyoosha mikono avishwe koti.